Saa Nne ya Nani

Mwongozo ulikuwa na kurasa sita, na niliuandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu ule wa Kiingereza ulioletwa na kampuni ulikuwa mnene kama kitabu cha sheria na hakuna aliyeufungua. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, sina shahada, na kazi niliyopewa ilikuwa kuwaandaa wafanyakazi kwa ajili ya kuhama. Barua pepe zote na kalenda zote za ofisi zilikuwa zinaondolewa kwenye seva yetu, iliyokaa chini ya ngazi za jengo la utawala, na kupelekwa kwenye kompyuta za mbali ambazo hakuna kati yetu aliyejua ziko nchi gani. Walioziuza waliziita wingu.

Sikuwa mtu wa kulala vizuri wakati huo. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na vitabu vilivyotumika nilivyonunua vikiwa vimechanika majalada. Nilianza kujifunza baada ya shirika la umma nililolifanyia kazi kubinafsishwa, miaka ile ya soko huria ilipoanza kukolea. Nilikuwa mpiga teleksi. Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa ubaoni, majina kwa mpangilio wa alfabeti, na mtu aliyeipiga chapa alikuwa mwenzetu ambaye jina lake halikuwemo. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana moja ya Kizota, hapahapa mjini, nikitengeneza redio mchana na kusoma vitabu hivyo muda wa chakula, mpaka chuo kikanichukua kwa mkataba. Nasema haya ili ieleweke kwamba orodha ya majina ni kitu nilichokijua.

Mafunzo yalianza siku ya Jumatatu kwenye ukumbi wa mihadhara. Walikuja wahadhiri, makatibu muhtasi na watu wa masijala. Mkurugenzi wa TEHAMA, mkuu wangu, alifungua kwa maneno machache.

"Wiki hii ni ya majaribio," alisema. "Kila ofisi ihamishe miadi yake ya mwezi mzima kutoka kwenye dayari kwenda kwenye kalenda mpya. Ijumaa fundi wetu ataniletea ripoti. Ofisi itakayoonekana imeweza, itabaki na katibu wake. Itakayoshindwa, kazi zake tutazikusanya sehemu moja, na katibu atarudishwa wizarani apangiwe kituo kingine."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayetangaza ratiba. Kisha akaondoka, na mimi nikabaki mbele na kurasa zangu sita.

"Fundi," mhadhiri mmoja wa jiografia aliinua mkono, "barua zetu zitakaa kwenye wingu?"

"Ni jina tu, Dokta."

"Najua ni jina. Nauliza kwa sababu hapa kwetu mawingu huwa yanapita tu kwenda kunyesha Morogoro."

Ukumbi ukacheka. Mwingine akadakia kutoka nyuma: "Basi barua zangu mzitafute Kilosa!"

Nilicheka nao, lakini sikufurahi. Nilikuwa nahesabu dakika. Nilitaka wafike ukurasa wa pili kabla ya chai.

Ukurasa wa pili ndio uliohusu kalenda. Nilikuwa nimeuandika mara nne, kila mara nikipunguza. Pembeni ya kisanduku cha kuandikia saa kulikuwa na herufi mbili ndogo za Kiingereza, za kutofautisha asubuhi na jioni. Niliziondoa kwenye maelezo yangu. Niliona zitawachanganya wale wasioizoea mashine, na nilijiambia kwamba mwalimu mzuri ni yule anayejua cha kuacha. Mfano niliouweka ulikuwa huu: Kikao cha idara, Jumatano, saa 4:00. Chini yake kulikuwa na picha ya kisanduku kimejazwa 4:00.

Wakati wa chai alinifuata katibu muhtasi wa idara moja ya sayansi ya jamii. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Kondoa, amejifunga ushungi wa kijivu, amebaki na miaka mitatu kustaafu. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nina swali. Huyo atakayerudishwa wizarani, anapangiwa wapi?"

"Popote penye nafasi, mama. Sijui."

"Popote ni kama wapi? Kigoma? Mtwara?"

"Inaweza kuwa."

Alizungusha kijiko kwenye kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Mama yangu haoni," alisema. "Nimemtoa Kondoa, nakaa naye hapa mjini. Chumba chake anakijua kwa mikono. Anajua ndoo iko wapi, mswala uko wapi. Nikimhamisha sasa hivi ataanza upya kupapasa kuta, na miaka themanini na kitu. Kwa hiyo nifundishe vizuri hicho kitu, mdogo wangu. Usinifundishe harakaharaka."

Nilimwahidi. Kisha nikamfundisha harakaharaka, kwa sababu watu walikuwa wengi na siku zilikuwa tano.

Nilikuwa na namna yangu ya kupima. Kila jioni, kabla ya kufunga ofisi, nilifungua ukurasa wa msimamizi na kunakili kwenye daftari ni miadi mingapi kila ofisi imeingiza. Nilichora mistari kwa rula. Siku ya pili ofisi nyingi zilikuwa zimeshaingiza nusu ya mwezi. Ofisi ya yule mama ilikuwa na miadi miwili. Siku ya tatu, mitano.

Nilipita kwake Alhamisi. Nilimkuta ameshika mkonga wa simu begani, dayari nyeusi imefunguliwa mbele yake, kalamu nyekundu mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta kisanduku cha saa kilikuwa kitupu.

"Mama, mbona huandiki?"

Aliziba mdomo wa simu kwa kiganja. "Naandika."

"Wenzako wamemaliza."

"Wamemaliza nini?" aliuliza, kisha akarudi kwenye simu: "Ndiyo, Profesa, nakusikiliza. Hiyo saa tisa uliyoiandika humu... Ehee. Haya. Asante."

Akaandika kitu kwa wino mwekundu kwenye dayari, akageukia kompyuta, akabonyeza vitufe vitatu au vinne kwa kidole kimoja, akapiga simu nyingine. Nilisimama pale pengine dakika mbili. Nilikuwa na ofisi nyingine saba za kupita kabla ya saa kumi. Nilitazama kidole kile kimoja, nikajibu moyoni swali ambalo sikuwa nimemwuliza, nikatoka.

Ijumaa niliandika ripoti. Ofisi tatu zilikuwa mkiani, na ya mwisho kabisa ilikuwa yake. Kwenye safu ya maoni niliandika maneno manne: Kasi ndogo, hajaizoea mashine. Niliyapima maneno yale. Niliona yana haki, kwa kuwa yalitokana na hesabu na hayakumtukana mtu. Mkurugenzi aliipokea ripoti akiwa amesimama, akaipitisha macho, akasema kamati yake itakaa Jumanne na majina ya waliobaki mkiani yatapelekwa wizarani siku hiyohiyo.

Jumamosi na Jumapili nilizunguka ndani ya nyumba. Ulikuwa msimu wa upepo, ule unaotimua vumbi jekundu mpaka kwenye sahani. Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nilisema hapana. Nilifungua daftari langu la mistari, nikajumlisha upya, hesabu ikatoka sawa. Nilijumlisha tena. Kitu kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa kwenye hesabu, na sikujua mahali pengine pa kukitafuta.

Jumatatu asubuhi, kwenye korido, nilikutana na yule mhadhiri wa jiografia. Macho yalikuwa yamevimba.

"Fundi, wewe utanivunjia ndoa."

"Kuna nini tena, Dokta?"

"Simu yangu imelia saa kumi kasorobo alfajiri. Alfajiri, fundi! Mke wangu anaamka: nani huyo? Namwambia ni idara. Idara gani inakuita saa hizi? Namwonyesha maandishi, anasoma: kikao. Basi ndiyo imekuwa mbaya zaidi. Kikao cha wangapi, ananiuliza. Cha wawili?"

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza, wakacheka. Mimi nilimwomba ile simu.

Kikao chake kilikuwa cha Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi. Alikuwa ameandika 4:00, kama mwongozo ulivyomwonyesha. Mashine haijui Kiswahili cha saa. Kwake 4:00, zile herufi zisipoguswa, ni saa kumi za alfajiri, na robo saa kabla ilimwamsha mwenye simu kwa uaminifu wote.

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Niliufungua ukurasa wa pili, nikakiangalia kile kisanduku nilichokijaza kwa mkono wangu.

Jambo lenyewe ni dogo na kila mtu hapa nchini analijua. Siku yetu inaanza jua linapochomoza, ya Kizungu inaanza usiku wa manane, kwa hiyo saa yao kumi ni saa yetu nne. Mtu aliyesoma anabeba saa zote mbili kichwani. Akiandika barua ya Kiingereza anageuza bila kufikiri, akiongea na mwenzake anarudi kwenye ya kwetu, na hakosei, kwa sababu lugha yenyewe inamwambia yuko kwenye saa ipi. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilichukua mashine ya Kiingereza nikaivalisha maelezo ya Kiswahili, nikaondoa zile herufi mbili ambazo zingewazindua watu, nikaweka mfano wangu juu. Waliofuata mwongozo wangu kwa utii ndio walioharibu zaidi. Nilifungua kalenda moja baada ya nyingine, nikianzia kwa walioongoza. Mitihani ya mdomo saa tisa za usiku. Wageni kutoka nje wamepangiwa chakula cha mchana saa moja asubuhi. Na ofisi zilizoongoza kwenye jedwali langu, zile nilizoziandikia "vizuri sana", ndizo zilizokuwa hivyo ukurasa mzima.

Kisha nikafungua ya yule mama. Miadi kumi na mmoja. Nilipitia mmoja mmoja. Yote ilikuwa sawa.

Nilipanda ngazi kwenda kwake. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwenye kifuniko cha chombo. Nilimwamkia, nikakaa bila kukaribishwa.

"Mama, kwenye saa ulikuwa unafanyaje?"

"Kufanyaje vipi?"

"Mbona hukuandika kama mwongozo ulivyosema?"

Alitafuna akameza kwanza. Akaivuta dayari. "Tazama hapa. Huu mwandiko ni wangu: saa tatu, mgeni wa utafiti. Mimi nikiandika saa tatu ni saa tatu asubuhi. Huu mwandiko ni wa bosi, ameandika tisa. Bosi akitoka kusoma barua pepe ya Kizungu anaandika tisa ya Kizungu. Akitoka kuongea na mtu kwenye simu anaandika tisa ya Kiswahili. Yote tisa. Sasa nikiingiza tu tisa, nimeingiza nini? Kwa hiyo nampigia mwenyewe: hii ya Kiswahili au ya Kizungu? Wahadhiri wengine hawapatikani, wako vijijini kwenye utafiti na madodoso yao ya maswali. Nasubiri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja ukasema wenzangu wamemaliza." Alifunga kifuniko. "Nikadhani unalijua hilo. Wewe si ndiye mwalimu?"

Sikumwambia kuhusu ripoti siku ile. Nilijiambia kwamba ningemwambia nikisharudishiwa. Ukweli ni kwamba niliogopa sura yake.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkurugenzi. Alikuwa amekasirika kabla sijafungua mdomo.

"Kamati yangu inanifanyia mchezo," alisema. "Wajumbe wawili wamenipigia simu wanalalamika kwamba wamefika ukumbini saa mbili asubuhi wakakuta kufuli. Nani amewaambia saa mbili? Kikao ni saa nane mchana. Nimekiingiza mwenyewe."

"Uliandikaje, mkuu?"

"Nane. Nane kamili."

Aligeuza kioo cha kompyuta yake kunionyesha, na palikuwa pameandikwa 8:00, na pembeni yake zile herufi mbili za asubuhi, ndogo, za rangi ya majivu. Aliziona pamoja na mimi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. Akavua miwani.

"Ni mwongozo wangu," nilisema. "Ukurasa wa pili. Naomba ile ripoti unirudishie. Nilihesabu waliowahi, na waliowahi ndio waliokosea. Yule mama wa mwisho ndiye pekee aliyepatia."

"Unajua unachokisema? Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, na mimi ndiye ninayeandika maoni."

"Najua, mkuu."

"Ningeweza kuirekebisha kimyakimya."

"Jina lake limeshaonekana na wajumbe?"

"Limeshaonekana."

Saa nane mchana niliitwa mbele ya kamati. Wajumbe saba, chupa za maji, feni inayozunguka polepole. Niliusoma ukurasa wa pili kwa sauti, nikaeleza nilichokiacha na kwa nini nilikiacha. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwenye karatasi, lakini niliiweka mezani. Wale wawili waliokuta kufuli walitazamana. Mjumbe mmoja, mama profesa wa lugha, alitabasamu kidogo na kuuliza:

"Huyo katibu alijuaje kwamba mwongozo una kosa?"

"Hakujua, Profesa. Aliuliza kila mtu."

"Na ninyi mkamwandikia kasi ndogo."

"Nilimwandikia mimi."

Waliongea wao kwa wao muda mrefu, sehemu kubwa wakilaumiana kuhusu fedha za kampuni. Mwishoni walikubaliana kwamba jina lake liondolewe, abaki kwenye ofisi yake, na kwamba miadi yote ya chuo ipitiwe upya kabla ya seva ya zamani kuzimwa. Kuhusu mkataba wangu hawakusema kitu, wala mimi sikuuliza.

Nilimkuta anafunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Nilimweleza yote kwa mpangilio: hesabu, jedwali, maneno manne niliyoyaandika, kamati, uamuzi. Nilimwambia kwamba hataondoka Dodoma. Alisikiliza amesimama, mkono uko kwenye komeo la dirisha.

"Kwa hiyo tangu Ijumaa nilikuwa naondoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na jana ulikaa hapo, kwenye kiti hicho, ukijua."

"Ndiyo."

Alikaa. Alifunua ushungi kidogo akajifuta shingo. Nilidhani atanitukana, na ningepokea. Badala yake alitoa pumzi ndefu, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, si kwangu. Kisha akaniangalia.

"Ulisema mkiani tulikuwa ofisi tatu."

"Tatu, mama."

"Wale wengine wawili?"

Nilikuwa nimekagua kalenda za walioongoza, kwa sababu ndizo zilizonitia hofu, na yake, kwa sababu nilimkumbuka. Zile mbili sikuzifungua. Mbele ya kamati nilizungumza juu ya mtu mmoja, na kamati ikaondoa jina moja.

"Sijaangalia," nilisema.

"Majina yao yamekwenda?"

"Yanakwenda leo."

Alitazama saa ya ukutani, mimi nikaitazama pamoja naye. Ilikuwa inakaribia saa kumi jioni, na masijala hupeleka barua saa kumi na nusu. Mama alivuta simu karibu yake, akainua mkonga, akaanza kupiga namba za ndani za masijala kwa kidole kile kimoja.

"Mimi nitawaomba wangoje," alisema. "Wananijua. Wewe nenda kafungue hizo kalenda. Na usikimbie, soma kila mstari."

Nilishuka ngazi. Sikukimbia, ingawa miguu ilitaka. Kwenye jengo la pili katibu wa kwanza kati ya wale wawili alikuwa tayari ameweka mkoba begani, anazima taa, na nilimwomba aiwashe tena.